Bekapu ya databesi: dampu, kunakili mafaili, snapshoti, replika au ya klaudi? Chagua kwa ajali unayoiogopa

Kuna mama mmoja ana duka la dawa namsaidiaga mambo ya kompyuta, siku moja umeme ukakatika katikati ya mauzo, ukarudi, ukakatika tena, kesho yake asubuhi mfumo ukagoma kufunguka. Nikamwambia mama usiwe na wasiwasi, bekapu zipo, kila usiku saa nane kuna skripti inapiga dampu, yaani inaandika nakala ya databesi kwenye faili. Nikaingia kwenye folda, mafaili yamejipanga siku kwa siku, hakuna tarehe hata moja iliyorukwa, alafu nikaangalia saizi. Baiti 20. La jana baiti 20, la juzi baiti 20, narudi nyuma miezi miwili yote hivohivo. Kumbe paswedi ya databesi ilibadilishwa na skripti haikubadilishwa, kwahiyo kila usiku mysqldump, zana ya kupigia dampu, ilikuwa inakataliwa mlangoni, na gzip, zana ya kubana faili, iliyokuwa inasubiri upande wa pili wa bomba (ile alama ya | inayounganisha amri) inafunga kitu ambacho hakipo, na gzip ukiipa utupu inakutengenezea faili la baiti 20 bila kulalamika. Kroni, inayoendesha skripti kwa ratiba, nayo inaona kazi imeisha salama, maana kwenye bomba inayohesabiwa ni amri ya mwisho, sio ya kwanza.

Tulipona kwa sababu diski yenyewe haikufa. Niliweka innodb_force_recovery, mpangilio wa kuifungua MySQL kwa nguvu, kwenye 1, ikagoma, nikapandisha 2, ikagoma, kwenye 3 MySQL ikafunguka na tukatoa data yote haraka kwenda diski nyingine. Kutoka namba 4 kwenda juu unaweza kuiharibu data moja kwa moja, kwahiyo tulikuwa tumebakiza hatua moja tu. Na muda wote huo mama amekaa kwenye kiti nyuma yangu ananiuliza, "Mwanangu, madeni ya watu yatarudi?"

Tangu siku ile mtu akiniuliza "njia gani ya bekapu ni salama" huwa simjibu kwa kutaja zana, namuuliza kwanza ajali gani inamnyima usingizi. Maana hizi njia hazizidiani hivi kirahisi, kila moja inakukinga na ajali yake na inakuacha wazi kwenye ajali nyingine. Nitazungumzia programu za databesi za MySQL, MariaDB na PostgreSQL maana ndo nazishika kila siku na ndo ziko kwenye mifumo mingi ya maduka, shule, sacco na kliniki zetu.

Vigezo kwanza

Ajali ziko za aina nne. Ya kwanza ni mkono wa mtu, yaani DELETE bila WHERE (inafuta mistari yote), au DROP (kufuta jedwali zima) ya jedwali la kweli ukidhani uko kwenye seva ya majaribio. Ya pili ni mashine, diski kufa, umeme kuharibu, seva kuibiwa ofisini. Ya tatu ni jengo zima: tarehe 10 Machi 2021 kituo cha data cha OVH pale Strasbourg, Ufaransa, kilishika moto, jengo la SBG2 likateketea, na kuna wateja ambao bekapu zao zilikuwa palepale na data yenyewe, wakapoteza vyote kwa usiku mmoja. Ya nne ni mtu mbaya, ransomware (programu inayofunga mafaili yako na kudai pesa) au mtu aliyeiba paswedi zako, huyu anakuja kuharibu data na bekapu kwa pamoja, tena bekapu mara nyingi anaanza nayo.

Ukishajua ajali zako, kila njia nitaipima kwa mambo haya: ukirudisha utapoteza data ya muda gani, itakuchukua muda gani kurudi hewani, seva inasumbuka vipi wakati bekapu inachukuliwa, ajali zipi inazikinga na zipi hapana, alafu inamfaa nani. Namba za muda sitakupa kwa sababu zinategemea diski yako na ukubwa wa data yako, hizo lazima uzipime mwenyewe kwa kurudisha kweli kwenye mashine nyingine, na hilo ni sharti kwa njia zote tano, sio moja tu.

Dampu (mysqldump, pg_dump)

Hii ndo wengi tumeanzia. Inasoma databesi na kuiandika upya kama amri za SQL, CREATE na INSERT, faili unaweza kulifungua ukalisoma kwa macho.

Upotevu: kila kilichoingia baada ya dampu ya mwisho. Ukipiga saa nane usiku na ajali ikatokea saa kumi jioni, mauzo ya siku nzima hayapo. Kwa MySQL na MariaDB kuna nafuu ambayo wengi hawaijui, ukiweka --source-data=2 (MariaDB na MySQL za zamani inaitwa --master-data=2) dampu inaandika juu kabisa ilikuwa imefika wapi kwenye binlog (logi inayorekodi kila badiliko), kwahiyo unarudisha dampu alafu unapitisha binlog kuanzia pale mpaka dakika moja kabla ya kosa. PostgreSQL hiyo haipo, dampu ya pg_dump na logi za WAL (logi za mabadiliko za PostgreSQL) haziunganiki hata ufanyeje, ukitaka kurudi mpaka dakika fulani lazima uende njia ya pili.

Kurudi hewani: hapa ndo dampu inapoumiza. Kila mstari unaingizwa upya na kila indeksi (faharasa ya kutafutia data haraka) inajengwa upya, kwahiyo dampu iliyochukuliwa kwa muda mfupi inaweza kuchukua mara kadhaa ya muda huo kurudi. PostgreSQL piga kwa -Fc ili baadae pg_restore -j iweze kufanya kazi kwa njia kadhaa kwa wakati mmoja, upande wa MySQL kuna mydumper au util.dumpInstance ya MySQL Shell, hizo zinakimbia kuliko mysqldump ambayo inaenda mstari mmoja mmoja.

Usumbufu: pg_dump haizuii watu kuandika. mysqldump bila --single-transaction inafunga majedwali, watu wa kaunta wanakwama. Ukiweka hiyo bendera unapata picha moja ya muda mmoja bila kufunga, ila ni kwa majedwali ya InnoDB tu, moja ya injini za kuhifadhia data ndani ya MySQL. Kama una mfumo wa zamani angalia kama kuna majedwali ya MyISAM, ndo ilikuwa injini ya kawaida mpaka MySQL 5.5 ilipokuja, na mifumo mingi ya shule niliyokutana nayo bado inazo. Na wakati dampu inaendelea mtu asipige ALTER TABLE (kubadili muundo wa jedwali).

Ajali: mkono wa mtu inakinga vizuri, tena unaweza kutoa jedwali moja tu ukarudisha lile. Mashine na jengo inakinga kama faili umelipeleka kwingine, na kwa vile ni dogo likishafungwa kwa gzip, linapita hata kwa bando la simu. Faida nyingine ninayoipenda sana ni kwamba dampu inasoma kila mstari, kwahiyo kama kuna ukurasa wa data ulioharibika kwenye diski mara nyingi itakwama palepale na utajua leo, sio baada ya mwaka. Pia inahama kutoka toleo moja kwenda jingine bila shida kubwa.

Vinavyosahaulika ni vile visivyo data. mysqldump haichukui procedures (programu ndogo zilizo ndani ya databesi) wala events (kazi zake za ratiba) mpaka uweke --routines na --events. pg_dump haichukui watumiaji na paswedi zao, hivyo unavichukua kwa pg_dumpall --globals-only. Nimeona mtu amerudisha data yote vizuri kabisa alafu mfumo haufunguki kwa sababu mtumiaji wa databesi hayupo, saa sita za usiku zinapotea hapo.

Na tafadhali usirudie lile la baiti 20. Weka set -o pipefail juu ya skripti yako ya bash, alafu angalia mwisho wa faili: mysqldump ikimaliza vizuri inaandika mstari wa "-- Dump completed", pg_dump ya maandishi inaandika "-- PostgreSQL database dump complete". Kwenye dampu ya maandishi, mstari huo usipokuwepo hiyo sio bekapu. Mimi skripti yangu inakagua huo mstari, inakagua na saizi isishuke ghafla kuliko jana, kikikosekana kimoja inanitumia ujumbe, na kikienda sawa pia inanitumia ujumbe, ili siku ujumbe usipofika nijue kuna kitu.

Inamfaa nani: databesi ndogo na za kati, na mtu yeyote aliye kwenye hosting ya cPanel ambaye hana ruhusa ya kugusa mafaili ya seva. Ila usitegemee kitufe cha Export cha phpMyAdmin kwa data kubwa, PHP ina kikomo cha muda, inaweza kukukatia njiani.

Kunakili mafaili yenyewe, pamoja na logi

Sio cp! Naomba hili lieleweke kwanza. Ukinakili folda ya data kwa cp wakati databesi inafanya kazi, faili la kwanza litakuwa la saa nane kamili na la mwisho la saa nane na dakika kumi, yaani vipande vya nyakati tofauti, vikifunguliwa havielewani. Zana zenyewe ni Percona XtraBackup kwa MySQL, mariabackup kwa MariaDB (usizichanganye hizo mbili), na pg_basebackup kwa PostgreSQL, au pgBackRest, Barman na WAL-G ambazo zinakusimamia na logi pia. Zinanakili mafaili huku zinafuatilia mabadiliko yanayotokea wakati huohuo, alafu kwenye kuandaa au kurudisha zinayaoanisha. Ndo maana XtraBackup ina hatua ya --prepare, ukiiruka una mafaili tu, huna databesi.

Upotevu: hapa ndo njia hii inapong'aa. Ukiwa na nakala ya msingi ya saa nane usiku na logi zote tangu hapo, mtu akifuta jedwali saa nne na dakika 14 asubuhi unarudisha mpaka saa nne na dakika 13. PostgreSQL unaweka recovery_target_time, MySQL unatumia mysqlbinlog na --stop-datetime. Unapoteza dakika, sio siku. Lakini logi lazima ziwe zinatoka nje ya seva muda wote, logi iliyobaki kwenye diski iliyokufa imekufa nayo. MySQL unaweza kuweka mashine nyingine inayozivuta binlog mfululizo kwa mysqlbinlog --read-from-remote-server --raw --stop-never. PostgreSQL kuna kitu kinachowashika wenye mifumo midogo: kipande cha WAL ni MB 16 na hakipelekwi kwenye hifadhi mpaka kijae, sasa kliniki ndogo usiku inaweza kukaa masaa bila kujaza MB 16, kwahiyo weka archive_timeout, dakika tano au kumi, ili kitoke hata hakijajaa.

Kurudi hewani: haraka kuliko dampu kwa data kubwa, maana hakuna kujenga indeksi upya, ni kunakili mafaili na kupitisha logi. Ila ikiwa nakala ya msingi ni ya wiki nzima iliyopita, kupitisha logi za wiki nzima kunachukua muda wake.

Usumbufu: watu wanaendelea kuandika, diski na mtandao vinapata kazi. Hatari iko kwenye kusahau: archive_command (amri ya kupeleka WAL kwenye hifadhi) ikianza kushindwa, PostgreSQL inazihifadhi zile WAL kwenye folda ya pg_wal ikisubiri, diski inajaa, databesi inasimama. Yaani mfumo wa bekapu usioangaliwa unaweza kukuangushia seva ya kazi.

Ajali: mkono wa mtu inakinga kuliko njia zote, mashine na jengo inakinga kama nakala ziko nje. Kikwazo ni kwamba PostgreSQL inachukua klasta nzima, yaani databesi zote za seva hiyo, kwa kawaida huwezi kurudisha databesi moja tu kati ya tano, na toleo kuu lazima liwe lilelile. Kurudisha jedwali moja inabidi usimamishe seva ya pembeni, urudishe yote pale, alafu utoe hilo moja.

Inamfaa nani: wanaoshika pesa za watu, na wenye data kubwa ambayo dampu yake haimaliziki usiku. Na awepo mtu wa kuitunza. Kama mfumo hauna fundi anayeingia angalau mara moja kwa wiki, hii njia itavunjika kimyakimya.

Snapshoti ya diski au ya mashine pepe

LVM na ZFS (za diski), Proxmox na VMware (za mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta), EBS (diski za klaudi ya Amazon). Inapiga picha ya diski nzima kwa sekunde.

Upotevu ni tangu snapshoti ya mwisho, sawa na dampu, ila kwa vile ni nyepesi unaweza kupiga kila saa. Kurudi hewani ni haraka sana, mara nyingi haraka kuliko dampu na kunakili mafaili. Usumbufu mdogo, ila LVM ikiwa na snapshoti wazi uandishi unapungua kasi, na nafasi uliyoitengea ikijaa snapshoti inakufa, haifai tena.

Databesi iliyotoka kwenye snapshoti inaamka kama imekatiwa umeme ghafla, inapitia logi zake na kujirekebisha, InnoDB na PostgreSQL zimejengwa kuvumilia hilo. Sharti ni picha iwe ya sekunde moja kwa data na logi. Kama data iko diski moja na logi diski nyingine na ukapiga picha mbili kwa nyakati mbili, hiyo usiiamini. MyISAM nayo usiiamini hapa.

Ajali: nzuri kwa mkono wa mtu, na kwa yule anayetaka kufanya apgredi usiku huu. Kwa mashine inategemea, snapshoti ya LVM inakaa kwenye diski zilezile, diski ikifa vyote vimekufa. Ya EBS inatoka nje ya diski lakini iko ndani ya akaunti yako ileile. Juni 2014 kampuni ya Code Spaces iliingiliwa kwenye akaunti yake ya Amazon, yule mtu akafuta mashine, akafuta snapshoti, akafuta hifadhi za S3, na kampuni ikafunga kazi. Walikuwa na bekapu, tena nyingi, zote mlango mmoja.

Inamfaa nani: mwenye seva yake pepe na anayetaka kurudi haraka, ila awe na njia ya pili inayotoka nje.

Replika

Seva ya pili inayopokea kila kinachoandikwa kwenye ya kwanza. Upotevu ni sekunde tu, kurudi hewani ni kuhamisha mfumo kwenda ya pili, usumbufu mdogo. Kwa ajali ya mashine hakuna kitu kinachoishinda, na ukiiweka mji mwingine inakinga jengo pia.

Kwa mkono wa mtu haikingi kabisa. DELETE uliyoipiga inafika upande wa pili kabla hujatoa kidole kwenye kibodi. Kuna replika ya kuchelewesha ambayo inasaidia, MySQL tangu 5.6 unaweza kuiambia ibaki nyuma saa moja, PostgreSQL tangu 9.4 kuna recovery_min_apply_delay, kwahiyo una saa moja ya kugundua kosa na kuizuia. Kosa la Ijumaa lililogundulika Jumatatu limepita. Faida nyingine ya replika ni kwamba unaweza kupigia dampu zako huko na seva ya kazi isiguswe.

Inamfaa nani: ambaye kusimama nusu saa ni hasara kubwa. Kama nyongeza, sio peke yake.

Bekapu ya klaudi inayokuja na huduma

Ukikodi databesi yenyewe, mfano RDS ya Amazon, bekapu wanachukua wao kila siku na logi wanatunza, unarudi mpaka dakika za karibuni, na unaweza kuzihifadhi mpaka siku 35. Kurudisha ni kubonyeza, ila haikurudishii juu ya ileile, inatengeneza databesi mpya yenye anwani mpya, kwahiyo mifumo yako yote lazima uielekeze upya, hilo lizoee kabla. Usumbufu kwako karibu hakuna.

Ajali: mkono wa mtu na mashine imekinga. Mtu mbaya aliyeingia kwenye akaunti, rudi kwa Code Spaces. Na ukiifuta databesi yenyewe, zile bekapu za kila siku zinafutika nayo usipochagua zibaki, snapshoti ulizopiga kwa mkono ndo zinabaki. Kwa sisi wa huku kuna na ajali ya tano, mtandao. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikawa mbovu Tanzania, Kenya na majirani, siku kama ile kushusha GB 50 za bekapu kutoka nje ni kusubiri tu. Nakala moja iwe nchini, hata kwenye diski ya nje ofisini.

Inamfaa nani: timu ndogo isiyo na mtu wa databesi na yenye uwezo wa kulipa kwa dola kila mwezi.

Zikifeli zote kwa siku moja

GitLab, huduma ya kuhifadhi miradi ya programu, 31 Januari 2017. Fundi usiku anahangaika na replika iliyobaki nyuma, anataka kufuta folda ya data kwenye replika ili aianze upya, kumbe yuko kwenye seva kuu. Alipogundua na kuisimamisha, kati ya takriban GB 300 zimebaki kama 4.5. Wakaenda kwenye dampu: hazipo, kwa sababu pg_dump iliyokuwa inapigwa ilikuwa ya 9.2 na databesi ni 9.6, ilikuwa inagoma kila siku, na barua pepe za kuwaambia imegoma zilikuwa zinakataliwa na seva ya barua. Snapshoti za diski za klaudi hazikuwa zimewashwa kwa seva za databesi. Replika ndo hiyo ilikuwa tayari imesafishwa. Kilichowaokoa ni snapshoti moja ya LVM ambayo mtu aliipiga kwa mkono masaa sita kabla kwa ajili ya majaribio, na bado walipoteza hayo masaa sita, ikakadiriwa mpaka miradi 5,000, maoni 5,000 na akaunti mpya kama 700. Nawaheshimu sana kwa sababu waliyaandika yote hadharani, na mimi nimejifunza zaidi hapo kuliko kwenye mafunzo yoyote.

Ukiangalia vizuri, walikuwa na njia nne. Hakuna mtu aliyekuwa na jukumu la kujaribu kuzirudisha.

Usalama wa nakala zenyewe

Dampu ni maandishi. Anayeokota flashi yako anasoma majina, simu na madeni ya wateja wako wote, au majibu ya vipimo vya wagonjwa. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, na bekapu ni data kama data nyingine. Ifunge kwa gpg (zana ya kufunga faili kwa ufunguo) kabla haijatoka kwenye seva, na utumie ufunguo wa umma, yaani seva ina uwezo wa kufunga tu na ufunguo wa kufungulia uko kwingine. Ufunguo huo uwe na nakala mbili sehemu mbili, ukipotea bekapu zote zimepotea.

Kwa ransomware, seva ya kazi isiwe na ruhusa ya kufuta bekapu. Mashine ya bekapu ije kuvuta yenyewe, au tumia hifadhi ya klaudi yenye kufuli la muda ambapo hata wewe huwezi kufuta mpaka siku zipite, au diski ya nje inayochomolewa. Diski iliyochomekwa saa 24 itafungwa pamoja na vingine.

Sasa kwa hali yako

Duka, shule au blogu kwenye cPanel: dampu kila usiku, ishushwe nje ya hosting hiyohiyo, shika nakala za siku 14 na chache za kila mwezi. Mara moja kwa mwezi irudishe kwenye laptop yako na uhesabu mistari ya jedwali kubwa ulinganishe.

Kliniki au sacco yenye seva ofisini na umeme wa kukatikakatika: dampu kila usiku pamoja na binlog au WAL zinazotoka kila baada ya dakika chache kwenda mashine ya chumba kingine, alafu nakala iliyofungwa ipelekwe klaudi usiku bando likiwa la bei ya chini. Kabla ya vyote hivyo nunua UPS. Kama ni PostgreSQL, kumbuka hizo WAL zinahitaji pg_basebackup, dampu hapo ni nyongeza.

Mfumo wa malipo au mkopo ambapo muamala mmoja ukipotea ni ugomvi na mteja: kunakili mafaili na logi ndo msingi wako, replika ya mji mwingine juu yake, na dampu ya wiki kwa ajili ya kugundua uharibifu mapema.

Data ya mamia ya GB: pima kwanza dampu inarudi kwa muda gani. Ikizidi muda ambao bosi anaweza kuvumilia, hamia mafaili au snapshoti, na PostgreSQL 17 sasa pg_basebackup inachukua tofauti tu badala ya yote kila mara.

Timu ya watu wawili watatu kwenye klaudi: tumia bekapu ya huduma, ila dampu moja kwa wiki iende kwenye akaunti nyingine kabisa, yenye paswedi nyingine na inayoshikwa na mtu mwingine.

Na wewe unayetaka kufanya apgredi usiku wa leo: snapshoti kwanza, dampu pili, nakili dampu nje ya hiyo seva, alafu andika jina la seva kwa rangi nyekundu kwenye dirisha lako la amri, na usianze kabla hujaufungua mwisho wa lile faili na kuuona mstari wa kumaliza.